Kabla Mtaa Haujachangia Mashine ya Volti: Namna ya Kupima Gharama na Faida za Elektroniki za Nguvu kwenye Laini za Usambazaji

Saa moja jioni Katuba, hapa Lubumbashi, taa ya sebuleni hugeuka nyekundu kama kaa la makala. Friji inanguruma bila kugandisha. Mwenye kinu cha mahindi amekunja mikono, anajua mota yake haitaondoka mpaka watu wamalize kupika bukari na kulala. Kisha Jumapili, katika kikao cha avenyu, mtu anasimama na karatasi ya bei. Kuna mashine, anasema, inafungwa chini ya nguzo na kupandisha volti yenyewe, kila nyumba ichange.

Nimekaa katika vikao hivyo mara nyingi, na mara nyingine mwenye karatasi nilikuwa mimi. Mwongozo huu nimewaandikia kamati za mitaa, wenye vinu na mafundi vijana wa Lubumbashi, ingawa watu wa Goma na Bukavu watajikuta humu pia. Mashine hizo zinafanya kazi kweli. Shida ni kwamba faida yake inapatikana tu katika saa ambazo umeme upo, na gharama yake inaendelea umeme uwepo usiwepo. Karatasi nyingi za bei nilizoziona zimeandikwa kana kwamba delestaje, yaani kukatwa umeme kwa zamu, haipo.

Tunazungumzia vifaa gani

Elektroniki za nguvu ni vifaa vinavyotumia tirista au transista kubwa kukata na kuunganisha mkondo, mara nyingi maelfu ya mara kwa sekunde, ili kuubadilisha umbo. Inveta ya sola ni mojawapo. Kiwashi laini cha mota ni kingine. Kwenye laini za mtaa mtauziwa hasa aina tatu: kirekebisha volti, kinachokaa katikati ya laini na kuongeza volti kwa walio mbele yake, kifidia cha kielektroniki, kinachotoa kvar ambazo mota huzikopa na kuzirudisha bila kusaga hata punje moja, na kichujio, kinachosafisha mawimbi yaliyochafuliwa.

Sisi wa Katanga tunaishi karibu na mfano mkubwa kabisa wa teknolojia hii. Laini ya Inga hadi Kolwezi, iliyoanza kazi mwaka 1982, ina urefu wa kilomita 1,700 hivi na hubeba mkondo mnyoofu kwa kV 500 chanya na kV 500 hasi. Huko Inga tirista hugeuza mkondo geu kuwa mnyoofu, na Kolwezi tirista nyingine huurudisha. Vituo hivyo viwili ni ghali mno, lakini nyaya zenyewe ni chache na rahisi kuliko za mkondo geu, kwa hiyo kila kilomita inarudisha sehemu ya gharama ya vituo. Kwa laini za angani, hesabu hiyo huanza kulipa kwenye kilomita 600 hadi 800. Kumbukeni umbo la hesabu hiyo: gharama kubwa mwanzoni, akiba inayokua kwa umbali. Laini ya avenyu yenu ina mita mia kadhaa, kwa hiyo kinachoipa mashine nafasi ya kujilipa lazima kiwe kitu kingine.

Hatua ya 1: Pimeni wiki nzima, na muandike saa za giza

Azimeni au kodini vifaa viwili vya kurekodi. Wekeni kimoja siku saba kwenye kabini, yaani kwenye transfoma ya mtaa, na kingine siku saba zilezile mwisho wa laini, vikichukua wastani wa kila dakika 10. Mtapata vipimo 1,008 kila upande. Kigezo kinachotumika Ulaya kinataka asilimia 95 ya vipimo hivyo viwe ndani ya asilimia 10 ya volti 230, yaani kati ya 207 na 253. Si sheria ya mtaa wenu, lakini ni rula nzuri.

Pimeni kila fazi peke yake, na nyutro pia. Nyutro ndiyo watu huisahau, na ndiyo inayosema ukweli. Mkondo mkubwa ndani yake, kwa kawaida, maana yake mizigo imerundikwa fazi moja. Wakati mwingine ni hamoniki, yaani mawimbi ya ziada yanayochafua umeme, za vifaa vya kielektroniki vya majumbani. Andikeni kosinusi fi, yaani sehemu ya umeme unaosafiri ambayo inafanya kazi kweli. Andikeni pia saa ambazo umeme haukuwepo kabisa, maana idadi hiyo itarudi katika kila mstari wa hesabu hapa chini.

Kipimo cha kabini kina kazi moja zaidi. Ikiwa volti ziko chini tangu kabini yenyewe, tatizo liko juu yenu, kwenye transfoma au laini ya kV 15, na mashine ya mwisho wa laini itakuwa inafunga kidonda cha mguu wakati kinachouma ni kichwa.

Hatua ya 2: Utajeni ugonjwa

Volti ndogo inayokuja jioni na kuondoka usiku wa manane ni mzigo mkubwa kwenye waya mwembamba au mrefu. Taa inayozama sekunde chache kisha ikarudi ni mota inayoondoka. Taa inayotetemeka bila mpango ni fundi wa kuchomelea, au kiungo kilicholegea. Fazi moja kuwa volti 170 huku nyingine ikiwa 235 ni kutosawazisha. Kapasita zinazovimba, au nyutro inayopata moto ilhali fazi zote zina mzigo mmoja, ni hamoniki.

Kila ugonjwa una dawa yake, na dawa ya mmoja yaweza kumdhuru mwingine. Nitarudi hapo kwenye kapasita.

Hatua ya 3: Malizeni kazi za ngazi na koleo

Mzigo ukibebwa wote na fazi moja badala ya kugawanywa sawa kwa tatu, na nyutro ikiwa ya ukubwa uleule, upotevu kwenye waya huwa mara sita, na asilimia ya volti zinazoanguka nayo huwa mara sita. Si kosa la chapa. Mkondo ni mara tatu, upotevu unakua kwa mraba wa mkondo, na unapita kwenda na kurudi. Mtaa wenu hautakuwa umefikia hali hiyo mbaya kabisa, lakini kwa kuwa kila nyumba mpya huunganishwa kwenye waya ulio karibu na mkono wa fundi, wengi wameisogelea. Kuhamisha nyumba kumi kutoka fazi moja kwenda nyingine ni kazi ya siku mbili, ikifanywa na wenye laini au kwa ruhusa yao.

Kisha viungo. Alumini iliyofungwa kwenye shaba kwa kusokota tu huliwa na kutu, hupata moto, na hula volti nyingi kimyakimya. Vibano sahihi vya kuunganishia ni bei ndogo.

Na kuna jambo moja la kuambiana ukweli kwenye kikao: stabilizata za majumbani. Chukueni jiko la umeme linalovuta ampea 10 kwenye volti 230. Volti zikishuka hadi 170, jiko lisilo na stabilizata huvuta ampea 7.4, linapika polepole lakini linaipumzisha laini. Likiwa nyuma ya stabilizata huvuta ampea 13.5, kwa sababu stabilizata inailazimisha laini dhaifu itoe nguvu kamili. Kila anayenunua anajiokoa na kumzamisha jirani asiye nayo. Kirekebisha volti kikubwa cha mtaa kina tabia hiyohiyo: walio mbele yake wanapanda, walio kati yake na kabini wanashuka. Mchoreni laini yenu, muonyeshe nani yuko wapi, kabla hamjakusanya senti.

Hatua ya 4: Hesabu yenyewe

Tuchukue mfano mmoja na tuufuate hadi mwisho. Bei ni za kuonyesha njia, wekeni zenu.

Laini ni kebo ya torsade (nyaya zilizosokotwa pamoja) ya alumini, milimita mraba 70, urefu mita 800. Kebo ya namna hiyo ina ukinzani wa oma 0.443 kwa kilomita, kwa hiyo yetu ina oma 0.354, na reaktansi, ule ukinzani mwingine unaoletwa na sumaku ya mkondo geu, ya kama oma 0.08. Mwisho wake kuna mzigo uliosawazishwa wa kW 40, kosinusi fi 0.75, yaani kuna kvar 35 zinazosafiri pamoja na kW 40. Mkondo ni ampea 77 kwa kila fazi. Kwa hesabu ya haraka inayochukulia volti 400, volti zinazopotea kati ya fazi na fazi ni:

(40,000 × 0.354 + 35,300 × 0.08) ÷ 400 = volti 42

Kati ya fazi na nyutro ni kama volti 24. Upotevu wa nguvu ni kW 6.3. Hali halisi ni mbaya kidogo zaidi kwa kuwa volti zikishuka mota huvuta zaidi, lakini kwa kulinganisha inatosha.

Itazameni tena fomula hiyo, maana ndani yake mna jibu la maswali mengi. Sehemu ya kwanza, ya kW na ukinzani, imekula volti 35. Sehemu ya pili, ya kvar, imekula volti 7 tu. Kwenye laini kubwa za juu ni kinyume: pale reaktansi inatawala, na kurekebisha kvar kunarekebisha volti. Vifidia vilizaliwa kwenye laini kubwa. Muuzaji anayeleta grafu ya laini ya kV 220 kukuonyesha volti zitakavyopanda kwenye kebo ya mtaa anakuonyesha picha ya nyumba nyingine.

Sasa tupime dawa tatu. Tuseme mzigo huo upo saa 10 kwa siku baada ya kuondoa delestaje, yaani saa 3,650 kwa mwaka. Kila kWh iliyookolewa ina thamani ya senti 10 za dola. Fedha za mtaa ni ghali, kwa hiyo tunapunguza thamani ya kesho kwa asilimia 15 kwa mwaka. Kwa miaka 10, dola moja ya kila mwaka ina thamani ya leo ya dola 5.02.

Dawa ya kwanza ni kapasita za kawaida zinazowashwa kwa ngazi, dola 1,200. Zinaondoa kvar kwenye kebo, mkondo unashuka hadi ampea 58, upotevu unashuka hadi kW 3.5. Zenyewe hula wati chache tu. Akiba ni kama kW 2.7, sawa na kWh 9,855 na dola 985 kwa mwaka. Thamani ya leo ni dola 4,945. Ukitoa bei, inabaki faida ya dola 3,745. Volti, hata hivyo, zimepanda 4 tu kati ya fazi na nyutro. Laini imepumua, taa bado ni hafifu.

Dawa ya pili ni kifidia cha kielektroniki cha ukubwa uleule, dola 6,000. Kinaondoa kvar zilezile, ila chenyewe hula karibu asilimia 2.5 ya kvar zake, kama kW 0.9, kwa joto na feni. Akiba halisi ni kW 1.86, dola 679 kwa mwaka, thamani ya leo dola 3,410. Kasoro ni dola 2,590. Kazi ni ileile, volti zimepanda 4 zilezile, ila gharama ni mara tano na sehemu ya akiba imeliwa na mashine.

Dawa ya tatu ni kebo ya pili sambamba na ya kwanza: mita 800 kwa dola 8 kila mita, dola 6,400, na pamoja na kazi jumla dola 8,000. Ukinzani unagawanyika kwa mbili. Upotevu unapungua kW 3.15, dola 1,150 kwa mwaka, thamani ya leo dola 5,770. Kwa upotevu peke yake kuna kasoro ya dola 2,230. Lakini hapa volti zimepanda 12 kati ya fazi na nyutro, na kebo haina feni wala kadi ya kuungua, itaishi miaka mingi zaidi ya hiyo 10. Swali linakuwa: je, volti 12 kwa mtaa zina thamani ya dola 444 kwa mwaka? Kama kuna nyumba 50, ni chini ya dola 9 kwa nyumba kwa mwaka. Hapo mwenye friji anaweza kujibu, na mwenye kinu pia.

Mtego mmoja: faida hazijumlishwi. Mkifunga kapasita kwanza, kebo ya pili haitaokoa tena kW 3.15, kwa sababu upotevu umeshashuka hadi kW 3.5 na kebo itaokoa nusu ya hizo, kW 1.77. Nimeona pendekezo lililojumlisha akiba za vifaa vitatu zikazidi upotevu wote uliokuwepo kwenye laini. Hesabuni kila dawa juu ya laini iliyokwisha kutibiwa na ile iliyotangulia.

Kuhusu kapasita, onyo nililoahidi. Kapasita na transfoma zikikutana huwa na wimbi moja zinaloliimba kwa pamoja. Transfoma ya kVA 400 yenye ukinzani wa ndani wa asilimia 4 ina nguvu ya shoti, ile inayoweza kutoka nyaya zikigusana, ya kVA 10,000. Mkifunga kvar 200, mzizi wa mraba wa 10,000 kugawanywa kwa 200 ni 7.07. Hamoniki ya 7 ndiyo hasa, pamoja na ya 5, inayotolewa kwa wingi na vibadilisha kasi vya mota vyenye daraja la daiodi sita. Kapasita zitavimba na kupasuka. Kvar 35 kama za mfano wetu zikifungwa palepale kwenye transfoma, mlio uko karibu na 17, mbali zaidi; zikifungwa mwisho wa kebo, reaktansi ya kebo huushusha tena hadi karibu na 7, ingawa ukinzani wa kebo huutuliza. Mtaa wenye vibadilisha kasi vingi unahitaji koili za kuzuia mbele ya kapasita, au kichujio; na hapo elektroniki inaanza kupata nafasi yake.

Hatua ya 5: Gharama ambazo hazimo kwenye karatasi ya bei

Usafiri na ushuru wa mpaka wa Kasumbalesa mtaulizia wenyewe. Ninayotaka kuyakalia ni yale yanayokuja baadaye.

Joto. Ndani ya vifaa hivi mna kapasita za elektroliti, na kila nyuzi 10 za joto zikiongezeka umri wake hupungua kama nusu. Kifaa kilichoahidiwa miaka 12 kwenye chumba chenye hewa kitapata miaka 6 ndani ya sanduku la bati lililochomwa na jua la Oktoba. Mwinuko nao. Hewa nyepesi hupoza vibaya, na vifaa vingi hupunguziwa uwezo kama asilimia 1 kwa kila mita 100 juu ya mita 1,000. Lubumbashi, kwenye kama mita 1,200, mnapoteza asilimia 2. Goma, kwenye mita 1,500 hivi, ni 5. Ni kidogo, lakini anayenunua kifaa kinachotosha kwa shida ataona tofauti.

Vumbi ndilo lililonifundisha. Tulifunga kifidia upande wa Ruashi ndani ya kibanda cha bati kinachotazama magharibi. Wakati wa mvua kilifanya kazi vizuri, tukasifiwa. Kiangazi kilipofika, vumbi jekundu liliziba vichujio vya feni ndani ya wiki chache, na hakuna aliyepewa kazi ya kuvisafisha. Kifaa kilianza kujizima mchana, kisha kikaungua kadi moja. Kadi ilitoka ng'ambo, ikachukua miezi mitano kufika. Katika hesabu yetu tulikuwa tumeweka saa sifuri za kusimama. Kosa lilikuwa la hesabu, maana kifaa kilifanya kile ambacho kifaa kama hicho hufanya mahali kama hapo. Tangu hapo kila hesabu yangu ina mistari mitatu: mshahara wa mtu wa kusafisha kila wiki mbili, kadi na feni za akiba zinazonunuliwa siku moja na kifaa, na mwezi mmoja wa kusimama kila mwaka.

Radi za kuanzia Novemba hadi Machi zinataka vizuia radi na udongo mzuri wa kutupia, yaani nguzo ya ardhini iliyopimwa. Na dakika ile umeme unaporudi baada ya delestaje, kila friji na mota huvuta kwa pamoja. Volti huzama, kisha huruka. Kifaa kiwe na ucheleweshaji wa dakika 3 hadi 5 kabla ya kujiunga. Hakikisheni umeandikwa kwenye mkataba, si mdomoni.

La mwisho katika hili ndilo linaloua mapendekezo mengi, na ni mstari mmoja tu kwenye kitabu cha kifaa: volti za chini kabisa ambazo bado kinafanya kazi. Vingi hujizima chini ya asilimia 80 au 85. Asilimia 80 ya 230 ni 184. Kama laini yenu inafika 160 jioni, mashine mliyoinunua kwa ajili ya jioni itazimika jioni.

Hatua ya 6: Pale ambapo elektroniki inastahili fedha yake

Msinielewe vibaya, kuna mahali ambapo ningechangia bila kusita.

Kinu ni mfano mzuri. Mota ya kW 22 hufanya kazi kwa kama ampea 42, lakini ikiwashwa moja kwa moja huvuta mara sita, ampea 252. Kwenye kebo yetu ya mita 800 hilo huzamisha volti 46 kwa kila fazi, asilimia 20, mtaa mzima unaona. Kiwashi laini cha tirista hushusha mkondo hadi kama mara tatu, na mzamo unakuwa volti 23. Ni kifaa kidogo, cha mtu mmoja, kinacholeta nafuu kwa wote, na tirista zake zinafanya kazi sekunde chache kisha zinapumzika. Lakini hata hapa ulizeni kwanza kuhusu kiwashi cha nyota na pembetatu, kisicho na elektroniki, kinachoshusha mkondo hadi theluthi moja, mzamo wa volti 15. Nguvu ya kuzungusha nayo hushuka hadi theluthi, kwa hiyo kinu kiwashwe kitupu, na kama gurudumu lake ni zito mno kitagoma katikati. Kinu cha nyundo kikubwa ndicho hasa kinachokataa nyota na pembetatu; kiwashi laini kinaweza kukiondoa, ila kwa mkondo uliopandishwa juu ya mara tatu, maana kwenye mara tatu nguvu ya kuzungusha ni kama robo tu.

Mahali pa mafundi wa kuchomelea mzigo hubadilika mara kadhaa kwa sekunde. Kapasita zinazowashwa kwa kontakta, yaani swichi ya sumaku, haziwezi kufuata mwendo huo, na zikijaribu kontakta zinakufa. Kifidia cha kielektroniki hujibu ndani ya milisekunde. Vilevile mtaa ambao fazi zake hubadilika saa kwa saa, asubuhi huyu, jioni yule: kifidia cha nyaya nne husawazisha chenyewe, wakati kazi ya ngazi husawazisha mara moja tu.

Mahali ambapo waya hauwezi kwenda. Goma, kuchimba shimo la nguzo mara nyingi ni kupasua mwamba wa lava ya Nyiragongo, na bei ya kebo ya pili niliyoitumia hapo juu haifai kule. Wekeni bei ya mwamba, mwone jibu likigeuka.

Na palipo na sola. Inveta tayari ni elektroniki ya nguvu, mmeshailipia. Nyingi za kisasa zinaweza kutoa kvar na kupunguza volti zikipanda mchana, kwa kubadilisha mpangilio tu. Goma ina gridi ndogo ya sola ya megawati 1.3 tangu mwaka 2020, na kwa mitandao ya namna hiyo swali la kwanza linapaswa kuwa: inveta tulizo nazo zinafanya kazi zote zinazoweza? Faida ambayo gharama yake ni mchana mmoja wa fundi haina mshindani.

Hatua ya 7: Nani analipa, nani anavuna

Akiba ya upotevu kwenye kebo humwendea mwenye mtandao, kwa sababu mita za nyumba ziko baada ya kebo. Volti nzuri humwendea mkazi. Kwa hiyo mtaa ukinunua kapasita za dola 1,200, ile faida ya dola 3,745 haiingii kwenye sanduku la mtaa hata senti moja, isipokuwa mmeandikiana. Hili huwauma watu wanapolitambua mwaka wa pili.

Sekta ya umeme nchini inaongozwa na Sheria namba 14/011 ya tarehe 17 Juni 2014, na kuna mamlaka ya udhibiti, ARE. Msifunge chochote kwenye laini ya umma bila kibali cha maandishi cha anayeiendesha. Katika barua hiyohiyo muombe mambo matatu: kifaa ni mali ya nani, nani anakitunza, na mchango wa mtaa utarudishwa vipi, kwa mfano kupunguzwa kwenye bili. Mkishindwa kupata la tatu, ondoeni akiba ya upotevu kwenye hesabu yenu kabisa na mbaki na volti tu. Mara nyingi hapo kebo ya pili, au transfoma ndogo iliyosogezwa karibu na mzigo, ndiyo inayobaki imesimama.

Hatua ya 8: Jaribuni kuivunja hesabu yenu

Badilisheni namba moja moja. Saa za umeme zikishuka kutoka 10 hadi 5 kwa siku, kapasita bado zinaleta faida ya dola 1,270, wakati kasoro ya kifidia inafika dola 4,295. Thamani ya kWh ikiwa senti 18, kifidia kinaanza kujilipa, kwa shida. Kama mnaendesha jenereta na kila kWh inawagharimu zaidi ya hapo, kifidia ndani ya kiwanda chenu kinaweza kuwa na maana ambayo hakina mtaani. Tafuteni namba ambayo ikibadilika kidogo jibu linageuka, kisha rudini mkaipime hiyo kwa makini kuliko zote. Lubumbashi, katika hesabu nilizozifanya, karibu kila mara ilikuwa ni saa za umeme.

Hatua ya 9: Kupokea kazi

Rudisheni vifaa vya kurekodi mahali palepale, siku saba, dakika 10. Linganisheni jioni na jioni, si wastani na wastani. Soma mkondo wa nyutro. Fungeni daftari kwenye mlango wa kibanda, anayesafisha feni aandike tarehe na joto la ndani. Na katika mkataba mbakize asilimia 20 ya malipo, zisitoke mpaka kifaa kimepita msimu mzima wa mvua na miezi mitatu ya vumbi, kikiwa bado kinajiwasha chenyewe kila umeme unaporudi.